Isale limeletwa, na fomu nayo imeletwa: tusaini?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga, kaya arobaini na kitu, chini ya mji wa Moshi. Tunamwagilia kwa mfereji unaotoka mtoni. Tangu mwaka juzi kuna kiwanda juu yetu, na asubuhi nyingine maji huamka meusi yana povu, mchicha unaungua majani, miguu inawasha. Mwezi uliopita kampuni ilituita kwenye ukumbi wa kanisa. Afisa mahusiano wao alikuja na isale mkononi, lile jani ambalo sisi Wachagga huombea radhi, akaomba tuyamalize nyumbani. Akasema siku hizi dunia imehamia kwenye haki rejeshi, kesi zimepitwa na wakati. Kila kaya itapewa laki mbili na nusu, na tutachimbiwa kisima. Fomu inasema tunapokea "kifuta jasho, bila kampuni kukiri kosa lolote", na kwamba hatutakuwa na dai "la sasa au la baadaye". Wazee wanasema ukiletewa isale hukatai. Vijana wanataka mahakamani. Je, hii ndiyo haki rejeshi? Na tukisaini, tutakuwa tumejifunga?

Jibu: Marahaba, katibu. Nianze na lililo la haraka: fomu hiyo, kama ulivyoninukulia, msiitie wino wala dole gumba. Sisemi mvunje mazungumzo, wala sisemi vijana wakimbilie masjala ya mahakama kesho asubuhi. Nasema karatasi hiyo irudi ilikotoka, kisha tuzungumze.

Mimi nimezaliwa Kibosho, na masale nimeyakuta yamezunguka kihamba cha babu, yaani shamba lake la nyumbani. Najua uzito wake. Nililoliona utotoni ni kwamba aliyekosa alikuja mwenyewe au alitanguliza mzee wa ukoo wake, na neno la kwanza lilikuwa "nimekosa". Kisha kosa likatajwa kwa jina: nimehamisha mpaka, nimempiga mwanao, nimekuibia zamu ya maji kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia. Baada ya hapo ndipo watu walikaa kuulizana litarekebishwaje. Wazee wenu wako sahihi kabisa kwamba isale halikataliwi. Linakuzuia kumfukuza aliyekuja kuomba radhi, lakini halikuzuii kumuuliza anaomba radhi kwa lipi.

Sasa weka vitu viwili hivyo mezani. Jani linasema "nimekosa". Karatasi iliyoletwa na mtu yuleyule, siku ileile, inasema "bila kukiri kosa lolote". Kimoja kati ya hivyo viwili hakisemi kweli, na mahakamani kitakachosomwa ni karatasi.

Kuna neno jingine kwenye fomu lililonikera zaidi, nalo ni kifuta jasho. Neno hili lina historia yake katika sheria zetu. Tembo akishuka usiku akala mahindi yako, serikali hukulipa kifuta jasho. Akiua mtu, familia hupewa kifuta machozi. Kanuni za 2011 za wanyamapori ndizo zilizoweka utaratibu huo, na halikuitwa fidia kwa makusudi. Fidia humaanisha kuna aliyekosa na anayedaiwa. Tembo hadaiwi. Hana leseni ya biashara, hana mkurugenzi, hana bwawa la maji machafu ambalo alipaswa kulitunza. Kiwanda kinavyo vyote hivyo. Kampuni inapojipa nafasi ya tembo inataka muione kama ajali ya porini.

Wajapani walipitia jambo hili kabla yetu, na kwa machungu makubwa. Katika mji wa Minamata kampuni ya Chisso ilimwaga maji yenye zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968. Ugonjwa uligunduliwa rasmi Mei 1956: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, watoto wanazaliwa wakiwa wameharibika ubongo kwa sababu ya samaki walioliwa na mama zao. Mwishoni mwa 1959 kampuni ikasaini na wagonjwa mkataba wa "pesa za pole". Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kuwa maji ya kiwanda ndiyo chanzo, wagonjwa hawatadai zaidi. Kilichofichwa ni kwamba miezi michache kabla ya hapo daktari wa kampuni yenyewe alikuwa amemlisha paka maji hayo ya kiwanda na kumwona akipata ugonjwa uleule. Walijua, wakasainisha. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto ilisema mkataba ule ni batili kwa sababu unakwenda kinyume cha maadili ya jamii. Wagonjwa walishinda, lakini hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Umeniuliza kama mnacholetewa ndicho haki rejeshi. Hapana, lakini nisingependa mchukie jina kwa sababu ya aliyelitumia. Nitakusimulia kikao kimoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mapatano kati ya kiwanda na wakulima, si mkoani kwetu. Kesi ilikuwa imekaa mahakamani karibu miaka miwili, na majibu ya kampuni yalikuwa wimbo mmoja: tunakanusha, wathibitishe. Pande zote zikachoka, tukakubaliana kukaa. Siku ya pili ya kikao, msimamizi wa zamu ya usiku, kijana mfupi aliyekuwa amepakata kofia yake ya kazi, akaomba kusimama. Akasema pampu ya bwawa la kusafishia iliungua, kipuri kikaagizwa, hakikuja. Kila bwawa lilipofika ukingoni alitumwa saa nane usiku kufungua valvu ya pembeni. "Jumanne na Ijumaa," akasema. Mama mmoja mwenye shamba la nyanya akamuuliza: hata Ijumaa ile ya kabla ya Pasaka? Hata hiyo, mama. Yule mama akakaa polepole. Baadaye alinieleza kwamba tangu nyanya zile ziungue alikuwa akimlaumu mumewe kuwa alizidisha dawa kwenye bomba la kupulizia.

Miaka miwili ya nyaraka haikuwa imetupa siku wala saa. Kijana alitupa kwa dakika tano, kwa sababu kikao kiliandaliwa ili aseme, na aliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza kazi alikuwa amekaa pembeni yake na amekwisha kuahidi kwa maandishi kutomgusa. Hicho ndicho kiini cha haki rejeshi: aliyeumiza anasimama mbele ya aliyeumia, ukweli unatajwa kwa undani wake, aliyeumia anasema anahitaji nini, na madhara yanarekebishwa pale yalipotokea. Pesa zimo, ila zinaingia baadaye. Kwenu pesa zimetangulia, na ukweli haujafika kabisa. Hata aliyekuja hakuwa mtu anayejua lolote kuhusu maji. Afisa mahusiano kazi yake ni kusema na ninyi. Anayefungua valvu ni mwingine, na anayeamua kipuri kinunuliwe lini ni mwingine tena.

Kwa haki, niseme pia kwa nini siwaungi mkono vijana moja kwa moja. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi na harufu. Walishinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kwamba mamlaka ya umma inakuja mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Ushindi mtamu. Kisha taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakalazimika kwenda mahakamani, wakashinda nao. Unaona tatizo: hukumu iliwaondolea watu wa Tabata uchafu, ila hakuna aliyekaa kuuliza taka za jiji ziende wapi. Mahakama hujibu kilichoombwa. Kama mnataka mto upone na kiwanda kibadili kinavyofanya kazi, lazima mtu alete hilo mezani, na mara nyingi meza ya mazungumzo inalibeba vizuri zaidi.

Lakini mazungumzo bila sheria mgongoni ni kubembelezana. Kwa hiyo jueni mnachokishika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Sheria hiyohiyo imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na imeweka amri ya kurejesha mazingira: kampuni inaweza kulazimishwa kusafisha na kurudisha mahali katika hali yake, mbali na faini. Msichanganye hivyo viwili. Mwaka 2019 mgodi wa North Mara ulipigwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la mabaki. Faini ni deni la mkosaji kwa dola. Mwenye bustani iliyoungua halipwi kwa faini, ana dai lake mwenyewe. Sheria pia haimwachi mkurugenzi aliyejua kinachoendelea ajifiche nyuma ya jina la kampuni. Hili litajeni kwa upole kwenye kikao. Nimeona linavyobadili sura za watu.

Kuhusu kujifunga: mtu mzima akisaini kwa hiari yake, akijua anachosaini, mkataba unamshika. Yapo mapengo. Aliyedanganywa au kufichiwa jambo la msingi anaweza kuupinga chini ya Sheria ya Mikataba. Mwenyekiti wa kikundi hawezi kusaini haki za kaya ambazo hazikumtuma. Haki za watoto haziuzwi kwa sahihi ya mzazi kwenye fomu ya ukumbini. Dai la mtoto likiwa mahakamani, kulimaliza kwa mapatano kunahitaji idhini ya mahakama. Na hakuna karatasi yenu inayoweza kuizuia serikali kushtaki kosa la jinai. Lakini ninyi hamtaki kuwa watu wa kutafuta mapengo. Aliyesaini akaja kupinga anaanza safari akiwa chini ya kilima.

Jingine ni saa. Madai ya madhara kama haya yana ukomo wa miaka mitatu. Uchafuzi unaoendelea huhesabiwa upya kadiri unavyoendelea, na sheria ya ukomo inalitambua hilo, lakini mavuno ya mwaka juzi yanazeeka kila siku, na kukaa mezani hakusimamishi saa. Nimeona kampuni ikiwa na subira ya ajabu kwenye mazungumzo, vikao juu ya vikao, soda baridi kila mara, hadi mwezi wa thelathini na saba.

Nije kwenye jambo ambalo wanaoishi huku kaskazini wanapaswa kulijua kwa sababu limeamuliwa hapa jirani. Agosti 2006 meli ya Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura, ilishusha taka za sumu Abidjan, Kodivaa, zikamwagwa sehemu mbalimbali za jiji. Watu walikufa, na zaidi ya laki moja walikwenda kutafuta matibabu. Februari 2007 kampuni na serikali wakapatana: faranga za CFA bilioni 95, na kampuni ikakingwa dhidi ya mashtaka nchini humo. Waliovuta ile hewa hawakuwa mezani. Shauri lilipofika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, hukumu ya tarehe 5 Septemba 2023 ilisema dola ya Kodivaa ilivunja haki ya kuishi, ya afya, ya mazingira, ya kupata taarifa na ya kupata nafuu ya kweli. Iliamuru, pamoja na mengine, uundwe mfuko wa kuwafidia wathiriwa kwa kushauriana nao. Miaka kumi na saba baadaye, mahakama inarudisha watu kwenye meza waliyorukwa.

Msinielewe vibaya: mlango huo ninyi hamna. Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kuishtaki pale, na tangu Novemba 2020 haiwezekani tena, ingawa jengo lenyewe liko Arusha, mwendo wa basi kutoka kwenu. Nimelitaja kwa sababu ya lile kosa la mwanzo, la mapatano kusainiwa kabla ya wathiriwa kujua wameathirika kwa kiasi gani.

Ndiyo maana kabla ya pesa, maji yapimwe. Andikeni barua Bodi ya Maji Bonde la Pangani, wako hapo hapo Moshi, mkiuliza kama kiwanda kina kibali cha kutiririsha majitaka na masharti yake ni yapi. Nakala iende ofisi ya mazingira ya kanda, ile ambayo wengi tunaizoea kwa jina la NEMC. Chukueni sampuli juu ya bomba la kiwanda na chini yake, siku ileile, mbele ya mtendaji wa kijiji, chupa zikafungwa na kusainiwa, kisha ziwekwe kwenye kasha la barafu na kufika maabara siku hiyo hiyo. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Arusha. Katika majibu tafuteni herufi BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uozo ndani ya maji unakula. Viwango vya 2007 vinataka maji yanayotoka kiwandani yasizidi miligramu 30 kwa lita. Chupa ya juu ikiwa safi na ya chini ikiwa imevuka hapo kwa mbali, mmepata mazungumzo ya aina nyingine.

Kwa nini nasisitiza chupa ya juu? Kwa sababu ya floraidi. Ukanda wetu huu wa volkano, hasa kuzunguka Meru na sehemu za tambarare, una floraidi ya asili ardhini, na meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha hayakuletwa na kiwanda chochote. Wakili wa kampuni atalijua hilo. Mkiingia mkidai kila kilicho majini ni chao, atashika moja lisilo lao na kuyatilia shaka yaliyobaki yote. Na kwa sababu hiyohiyo, kile kisima mlichoahidiwa kipimwe kabla ya kukatwa utepe. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya huku kwetu vinavyozidi hapo ni vingi. Isije ikawa mmeuza mto mkanunua meno ya watoto.

Mkifikia mapatano ya kweli, yasiishie kwenye albamu ya picha. Hapo nina kosa langu mwenyewe la kukusimulia. Kikao kile cha kijana mwenye kofia kiliisha vizuri mno: pampu mpya, malipo kwa kaya, na mkulima mmoja aliyechaguliwa kuingia kiwandani kila wiki kusoma daftari la bwawa. Watu walikumbatiana. Kwa furaha ile nikaiondoa kesi mahakamani, mapatano yakabaki karatasi ya kawaida. Miezi kumi baadaye meneja akahamishwa. Aliyekuja akasema yeye hakuwepo, na mkulima wetu akazuiwa getini. Ningeyasajili mapatano yale mahakamani yakawa hukumu ya makubaliano, mlinzi wa geti angekuwa anaizuia amri ya mahakama. Kwa hiyo kufungua kesi si lazima kuwe kuvunja urafiki. Mnaweza kuomba ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya kaya zote, mahakama yenyewe itawapeleka kwanza kwenye usuluhishi, maana Katiba katika ibara ya 107A inaitaka ikuze usuluhishi na pia itoe fidia ipasavyo, na mnachokubaliana kinapata meno. Kama ada ya wakili ni mzigo, tafuteni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya 2017, wapo Moshi.

Kuhusu kiasi, laki mbili na nusu siwezi kuiita ndogo wala kubwa kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu. Kila kaya iandike misimu iliyoharibika, matuta mangapi, mafungu mangapi ya mchicha yalikuwa yakienda sokoni, na gharama za zahanati. Daftari la shule linatosha. Na dai la baadaye lifutwe kabisa kwenye fomu yoyote itakayokuja, kwa sababu hamwezi kusamehe kitu ambacho bado kinatoka kwenye bomba.

Mkikutana tena na yule afisa mahusiano, mpokeeni kama wazee wanavyotaka. Mwambieni isale limepokelewa na litakaa hapo ukumbini, fomu arudi nayo. Kikao kijacho aje na meneja wa uzalishaji, fundi wa zamu ya usiku, na daftari la bwawa la maji machafu tangu mwaka juzi. Na kabla ya siku hiyo, chupa zenu ziwe zimeshafika Arusha. Zichukuliwe alfajiri, saa kumi na moja hivi, kabla mto haujajisafisha.